Prompti ya kupanga uhamishaji wa barua pepe za kampuni: maana yake

Prompti ni maneno unayoiandikia programu ya akili unde ili ikufanyie jambo. Inaweza kuwa swali la mstari mmoja, na inaweza kuwa kurasa mbili za maelezo zenye jedwali lililobandikwa chini yake. Programu zenyewe ni kama ChatGPT, Gemini, Claude na Copilot, zile zinazotunga maandishi mapya badala ya kukutafutia tu yaliyokwisha andikwa. Wapo wanaosema akili mnemba, wapo wanaosema akili bandia. Wote wanazungumzia kitu kilekile.

Uhamishaji wa barua pepe ni kazi ya kutoa visanduku vya barua vya kampuni kwenye seva au huduma moja na kuvipeleka kwenye nyingine, huku anwani za watu zikibaki zilezile. Kampuni iliyokuwa na Exchange Server yake ofisini, yaani programu ya Microsoft ya kuendeshea seva ya barua, inahamia Microsoft 365, huduma ya Microsoft ya mtandaoni. Nyingine ilikuwa ikitumia barua pepe zilizokuja pamoja na huduma ya kuhifadhi tovuti, sasa inakwenda Google Workspace. Wengine wanahama kwa lazima: Microsoft iliacha kuzihudumia Exchange Server 2016 na 2019 tarehe 14 Oktoba 2025, na seva ya barua isiyopata tena marekebisho ya usalama ni mlango usio na komeo.

Prompti ya kupanga uhamishaji, basi, ni maelezo unayoipa akili unde kuhusu barua pepe za kampuni yako ili ikusaidie kuona nini kihamishwe, kwa mpangilio gani, lini, na mkikwama mtarudije mlikotoka. Neno zito hapo ni kupanga. Akili unde ya kuzungumza nayo haihamishi barua hata moja. Kazi hiyo hufanywa na zana za mtoa huduma au programu maalumu za kuhamishia, na anayebonyeza kitufe cha mwisho ni mtu.

Watu wengi huanza hivi: “Nitengenezee mpango wa kuhamisha barua pepe za kampuni yangu.” Baada ya sekunde chache wanapata hatua kumi zilizopangwa vizuri: kagua mfumo uliopo, chagua huduma mpya, tengeneza nakala rudufu, jaribu na watumiaji wachache, hamisha, hakikisha. Hakuna kosa ndani yake, na hakuna msaada. Programu hizi hutunga kwa kukadiria maneno yanayofaa kufuata, kutokana na maandishi mengi mno zilizofunzwa nayo na kutokana na ulichoziandikia. Usipoziambia lolote kuhusu kampuni yako, zitakuandikia mpango wa kampuni ya wastani. Na kampuni ya wastani haina ile printa ya ghorofa ya pili.

Nitairudia hiyo printa. Kwanza nieleze jinsi mimi ninavyoigeuza hiyo prompti, badala ya kuomba jibu nikaomba maswali (IMAP utakayoiona humo ni njia ya kusoma barua huku zikibaki kwenye seva):

“Usinipe mpango bado. Tunatoka kwenye barua pepe za IMAP zinazokaa kwa kampuni inayohifadhi tovuti yetu, tunakwenda Google Workspace. Tuko watu 40. Niulize swali moja moja kuhusu mfumo wetu wa sasa mpaka uwe na picha kamili. Nisipojua jibu, liandike kando, na mwishoni nipe orodha ya yote nisiyoyajua.”

Utaona baadhi ya watu wakiipamba prompti kwa kuanza na “wewe ni mtaalamu mwenye uzoefu wa miaka ishirini.” Weka ukitaka, hiyo ni chumvi. Chakula chenyewe ni ile “usinipe mpango bado” pamoja na orodha ya usiyoyajua, kwa sababu uhamishaji wa barua pepe huharibiwa zaidi na mambo ambayo hakuna aliyekumbuka kuyataja.

Maswali yanayokuja huwa ya namna hii. Je, kuna mtu anayesoma barua zake kwa njia ya POP? Ukiwa mgeni wa mambo haya unaweza kulipuuza, lakini lina uzito. Programu nyingi za POP huzishusha barua kwenye kompyuta na kisha kuzifuta kwenye seva, kwa hiyo barua za miaka mingi za mtu huyo zinaweza kuwa ndani ya laptopu moja tu. Zana ya kuhamishia itafungua kisanduku chake, ikute barua za wiki mbili, iripoti kwamba kazi imekamilika salama. Je, kalenda na anwani za mawasiliano ziko wapi? IMAP hubeba barua na folda tu, hivyo vingine vinatafutiwa njia yake. Je, anwani za pamoja kama ile ya mauzo au ya malalamiko ni visanduku kamili, ni makundi, au ni majina ya ziada yanayoelekeza kwa mtu mmoja? Wafanyakazi walioondoka, visanduku vyao vinahifadhiwa kwa sababu za kisheria au vifungwe?

Halafu ndiyo hiyo printa. Mashine nyingi za ofisini huskani karatasi na kuituma kwa barua pepe. Ndani ya mipangilio yake kuna jina la seva ya zamani na nywila iliyowekwa na mtu ambaye pengine hayupo tena. Ndivyo ilivyo pia kwa programu ya uhasibu inayotuma ankara, fomu ya mawasiliano kwenye tovuti, mfumo wa mishahara, hata kifaa cha kutoa tahadhari umeme ukikatika. Hivi havina kisanduku cha barua, kwa hiyo havionekani kwenye orodha ya watumiaji. Seva ya zamani ikizimwa vinanyamaza, na kimya hakilalamiki. Mtu atagundua mwisho wa mwezi wateja watakapouliza ankara zao ziko wapi. Prompti inayosaidia hapa ni fupi: “Nitajie aina zote za vifaa na programu katika ofisi kama yetu zinazoweza kuwa zinatuma barua pepe bila mtu kujua, na unieleze kwa kila moja nitaangalia wapi.” Kwenye kukumbuka vitu vya namna hii akili unde inakushinda wewe na mimi, kwa kuwa haichoki na haina mazoea ya ofisi yoyote.

Ukishakusanya majibu, yaweke kwenye jedwali: kisanduku, ukubwa wake, idadi ya barua, njia anayotumia mwenyewe, anwani za ziada, nani mwingine ana ruhusa ya kukifungua. Ubandike kwenye prompti, lakini badala ya majina halisi andika Mhasibu 1, Mauzo 3, Mkurugenzi. Nywila zisiingie humo kabisa, wala funguo za mifumo, wala barua zenyewe. Mpango hauhitaji kujua nani anaitwa nani.

Jedwali hilo ndilo litakalokuwezesha kuomba hesabu. Chukua seva iliyoko ofisini, visanduku 40, kila kimoja gigabaiti 5. Jumla ni gigabaiti 200, sawa na megabiti 1,600,000, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Kama intaneti ya ofisi inapandisha megabiti 10 kwa sekunde, utahitaji sekunde 160,000, yaani zaidi ya saa 44 za kutuma mfululizo bila mtu mwingine kuugusa mtandao. Wikendi yako imekwisha, na bado hujaweka vizuizi vya kasi ambavyo watoa huduma huweka upande wao. Iambie akili unde ionyeshe hesabu hatua kwa hatua, maana ikiruka hatua inaweza kuchanganya biti na baiti na kukupa jibu lililopungua mara nane. Uiambie pia seva iko wapi. Barua zikiwa tayari kwa mtoa huduma wa nje, huduma mpya huzivuta moja kwa moja kutoka kule, na kasi ya intaneti ya ofisi yako haihusiki.

Sehemu inayotaka uangalifu kuliko zote ni rekodi za DNS, ile orodha inayoiambia dunia barua za kikoa chako (jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani) zipelekwe wapi. Rekodi ya MX ndiyo inayotaja seva ya kupokea. Kila rekodi ina muda wa kukumbukwa, TTL, unaohesabiwa kwa sekunde. 86400 ni saa 24 na 300 ni dakika tano. Mipango mingi ya akili unde husema “punguza TTL kabla ya kuhama” na kuishia hapo. Lakini ukiipunguza usiku uleule wa kuhama hujafanya kitu, kwa sababu seva za watu tayari zinakumbuka rekodi ya zamani kwa saa 24 zilizoambiwa mwanzo. Inatakiwa ipunguzwe siku moja au mbili kabla. Kwa hiyo kwenye prompti omba ratiba yenye saa, na kila hatua itaje ni lazima itanguliwe na ipi, kwa muda gani.

SPF nayo ni rekodi inayotaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina la kikoa chako. Kikoa kinatakiwa kiwe na rekodi moja tu ya SPF. Ukiambiwa “ongeza rekodi hii ya SPF” na ukaongeza pembeni ya iliyopo, sasa unazo mbili, na seva zinazopokea zinahesabu hilo kuwa kosa. Kinachotakiwa ni kuziunganisha, tena bila kuvuka kikomo cha utafutaji 10 wa DNS ndani ya rekodi. DKIM, saini ya kuthibitisha kwamba barua imetoka kwenye kikoa chako, na DMARC, rekodi inayowaambia wanaopokea wafanye nini na barua isiyothibitika, zinafuata hapohapo, na hakuna tena nafasi ya kuziahirisha: tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinawataka wanaotuma barua kwa wingi wawe nazo zote tatu.

Jambo moja watu hulielewa kinyume. Wanaogopa seva mpya isije ikawa haipatikani kwa saa moja. Hilo si baya sana, kwa kuwa seva inayotuma ikikosa wa kumpokelea huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena, na kanuni za SMTP, utaratibu ambao seva hutumiana barua kwao, zinapendekeza ijaribu kwa angalau siku 4 hadi 5. Kibaya ni seva mpya kupatikana huku kisanduku au anwani ya ziada haijatengenezwa. Hapo jibu ni “hakuna mtu kama huyo hapa,” barua inarudi kwa aliyeituma papo hapo, na wewe hupati habari. Anwani zote zitangulie, MX ifuate.

Upande wa makosa ya akili unde yenyewe, la kukera ni kutaja menyu na amri ambazo hazipo, kwa sauti ya mtu aliyeziona jana. Kurasa za usimamizi za huduma hizi hubadilishwa mara kwa mara na mafunzo ya programu hubaki nyuma. Viwango navyo huja nusu. Ukiuliza kama visanduku vyako vyote vinaweza kuhamishwa Microsoft 365 kwa mkupuo mmoja, huenda ukaambiwa kikomo ni 2,000. Ni kweli, ila maelekezo ya Microsoft yenyewe yanashauri visizidi 150. Vilevile kwenye uhamishaji wa IMAP, kisanduku kimoja hakivuki vitu 500,000 na barua moja haizidi megabaiti 35. Nilichozoea ni kuiandikia: “Kila namba na kila jina la menyu uliloandika, weka alama kama una uhakika au unakisia.” Alama hizo si ushahidi, kwa sababu inaweza kukosea hata pale inapojiamini, lakini zinakuonyesha uanzie wapi kulinganisha na maelekezo rasmi ya mtoa huduma.

Barua ya kuwaarifu wafanyakazi, maelekezo ya kuweka akaunti mpya kwenye simu, orodha ya kukagua Jumatatu asubuhi: hizo iachie iandike, wewe uzisome tu.

Mpango ukikamilika, fungua mazungumzo mapya kabisa ili usiulize programu ileile iliyokwisha jisifia kazi yake. Ubandike mpango wote kisha uandike: “Ni Jumatatu saa 3 asubuhi na uhamishaji huu umeshindikana. Nieleze kilichotokea, ukianza na kinachowezekana zaidi.” Majibu hutofautiana, ila mojawapo lisikupite hivihivi: hakuna aliyeweza kubadilisha rekodi ya MX, kwa sababu akaunti ya kusimamia kikoa ilifunguliwa miaka mingi iliyopita na mfanyakazi aliyekwisha ondoka, na ujumbe wa kurejesha nywila unakwenda kwenye kisanduku chake ambacho mpango wenyewe ulisema kifungwe.