Kijiko cha unga wa nyenje hakigeuzi biskuti kuwa lishe

"Mwalimu, biskuti zangu ni za lishe, nimetia nyenje." Kila mafunzo ya waokaji hayakosi mtu wa kuniambia hivyo. Namuuliza: umetia kiasi gani kwa kilo ya ngano? Kijiko. Siku zote ni kijiko!

Haya, tupige hesabu. Kilo ya unga wa ngano ina protini gramu 100 hivi. Unga wa nyenje waliokaushwa una takribani gramu 60 katika kila gramu 100. Ukipunguza ngano gramu 10 ukaweka nyenje gramu 10, protini imeongezeka gramu 5. Zigawe kwa biskuti 100: kila moja imepata gramu 0.05, na sukari iko palepale. Ulichoongeza ni maneno ya kuuzia.

Sasa badilisha gramu 100 za ngano. Protini inapanda kutoka gramu 100 hadi 150. Hapo tunaelewana. Tena nyenje wana laisini ya kutosha, kijenzi cha protini ambacho ngano inacho kidogo, kwa hiyo mwili unaitumia vizuri zaidi hata ile protini ya ngano yenyewe.

Basi mwingine anaruka hadi gramu 400, halafu ananiletea mkate kama tofali. Wadudu hawana gluteni, ile protini ya ngano inayolivuta na kulishikilia donge. Kadiri unavyopunguza ngano, ndivyo donge linavyoshindwa kuumuka. Ndiyo maana nasema anza na biskuti, ambazo hazihitaji kuumuka sana, kwa asilimia 10. Tia tangawizi au iliki kufunika harufu. Na usimpe mtoto biskuti hizo na chai, nimechoka kulisema hili: chai inazuia madini ya chuma yaliyomo kwenye nyenje yasifyonzwe. Mpe na chungwa.

Na yapo maneno mengine ninayoyasikia kwenye mafunzo. "Senene na nyenje ni mamoja." Si mamoja. Mafuta ya senene hukaribia nusu ya uzito wake mkavu. Ukiwasaga bila kuwakamua unapata uji mzito, na ukiuweka muda mrefu unachacha. Ukiwatumia, punguza siagi.

"Oveni inaua kila kitu." Kuna bakteria ambao mbegu zao huvumilia joto la katikati ya biskuti. Chemsha wadudu kwanza kupunguza bakteria, kisha wakaushe upesi ili mbegu zilizobaki zisiote, ndipo usage.

"Wadudu ni uchafu." Nyenje wa kufugwa anakula pumba na mboga. Kuku wako wa kienyeji anakula nini?

"Wakisagwa, mzio unaisha." Hili ni la hatari. Protini inayowadhuru wenye mzio wa kamba wa baharini imo pia kwenye nyenje, na kusaga au kuoka hakuiondoi. Andika INA NYENJE mbele ya pakiti kwa herufi kubwa, si kule nyuma chini ya tarehe.