Palipotulia Ndipo Pa Hatari: Dhana Potofu za Kuogelea Baharini

"Mwalimu, tuingilie pale, hapana mawimbi." Maneno haya nayasikia karibu katika kila kundi jipya ninalofundisha kuogelea baharini, na mara nyingi kidole kinaelekezwa penye mkondo wenyewe, yaani maji yanayotoka ufukweni kwa kasi kurudi baharini.

Mawimbi yakivunjika husukuma maji ufukweni, na maji hayo lazima yarudi. Hutafuta penye kina, kati ya mafungu ya mchanga, kisha yakatoka kwa kasi kupitia njia nyembamba. Kwa sababu pana kina, mawimbi hayavunjiki hapo, na mtu akitazama huona shwari. Angalia vizuri: rangi ya maji imekoza au imetibuka mchanga, na povu linakwenda nje badala ya kuja pwani. Kwa hiyo kaa ufukweni dakika 10 uyasome maji kabla ya kulowesha hata unyayo, hata kama wenzako wanakuita.

Wengine husema mkondo huo humvuta mtu chini. Haumvuti chini! Humpeleka mbali na ufuko, naye huzama kwa kuchoka, akipigana nao arudi moja kwa moja. Mkondo mkali hufika mita 2.5 kwa sekunde. César Cielo wa Brazil alipoweka rekodi ya dunia ya mita 50 mwaka 2009 alitumia sekunde 20.91, yaani karibu mita 2.4 kwa sekunde, tena bwawani. Wewe utaushinda kwa lipi? Lala chali, elea, tuliza pumzi, inua mkono kuomba msaada. Ukijiona una nguvu, ogelea sambamba na ufuko mpaka utoke mkondoni, ndipo urudi kwa mshazari pale mawimbi yanapovunjika. Ukiona husogei, acha, endelea kuelea. Mikondo mingi hufifia ikishapita eneo la mawimbi.

Eti anayezama hupiga kelele? Mara nyingi hawezi. Mdomo unazama na kuibuka, pumzi haimtoshi kuvuta hewa sembuse kuita, na mikono inakandamiza maji pembeni badala ya kupunga. Mtoto aliyenyamaza ghafla majini mfuate kwanza, maswali baadaye.

Pombe haipashi mwili joto. Hutanua mishipa ya damu kwenye ngozi, ukahisi joto huku mwili ukilipoteza. Na aliyechomwa na konyeza, yule mnyama wa baharini laini kama utelezi, asikojolewe. Mkojo unaweza kuzidisha sumu. Msuuze kwa maji ya bahari.

Wapo pia wanaoamini michubuko ya shingoni na kwapani haiepukiki. Inaepukika: paka mafuta mazito ya mgando kabla ya kuingia. Ila vaa miwani kwanza, au umwombe mwenzako akupake, kwa kuwa kidole chenye mafuta kikigusa kioo utaogelea safari nzima huoni unakokwenda.