Kutaka makuu ni nini, na je Mkristo anaruhusiwa?

Kutaka makuu ni ile hamu ya mtu kufika mbali kuliko alipo, awe na biashara kubwa, cheo, jina, kiwanja Kigamboni na nyumba yake mwenyewe. Hapa Dar hamu hiyo iko kila kona na kanisani ipo pia, kuanzia uongozi wa kwaya mpaka baraza la wazee, ila tukiizungumzia tunanong'ona kana kwamba ni dhambi, alafu jumapili hiyohiyo mtu anasimama kushuhudia Mungu kamuinua na wote tunapiga makofi. Wapendwa, tunachanganya vitu viwili hapa, kutaka makuu na majivuno, na vijana wanaumia.

Someni Marko 10. Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo, wanamwendea Yesu wanaomba katika utukufu wake mmoja akae kulia na mwingine kushoto (kwenye Mathayo 20 mama yao ndo anayeomba). Wale wanafunzi wengine kumi waliposikia wakakasirika, na mimi naamini kilichowauma ni kuwahiwa, maana sura ya 9 tu hapo nyuma walikuwa wanabishana njiani nani mkubwa. Sasa angalia Yesu anavyojibu. Hakuwaambia waache kutaka kuwa wakubwa, aliwaambia anayetaka kuwa mkubwa kwenu awe mtumishi wenu. Ukubwa kauacha palepale, njia ndo kaibadilisha, na kabla ya kufika hapo alishawauliza kama wataweza kukinywea kikombe chake yani mateso, wakasema wanaweza. Yakobo kikombe kilimfikia kweli, Matendo 12 inasema Herode alimuua kwa upanga.

Kwa hiyo ubaya uko wapi? Paulo kwenye Wafilipi 2:3 anautaja, kushindana na majivuno. Ni pale unapotaka kitu ili fulani asikipate, au ili watu wakuone wewe. Kipimo chake ni rahisi ila kinachoma, mwenzako akipata kile ulichokuwa unakiombea wewe, moyo wako unafanyaje?

Mtu wa makuu ninayempenda mimi kwenye Biblia ni Nehemia. Alikuwa mnyweshaji, yani anayempa divai mfalme wa Uajemi, kule Shushani, kazi nzuri tu, lakini akaomba ruhusa akaujenge upya ukuta wa Yerusalemu, na hakuomba ruhusa peke yake, aliomba na barua za kupita njiani na mbao za msitu wa mfalme. Huyo ni mtu mwenye mipango. Akina Sanbalati, waliopinga ujenzi huo, wakamdhihaki, wakamtisha, wakamwita wakutane ili wamdhuru, akawajibu ana kazi kubwa hawezi kushuka. Ukuta ukaisha kwa siku 52. Ila kinachonigusa zaidi ni sura ya 5, alikuwa liwali, yani gavana, miaka 12 na hakula posho ya chakula ya liwali, wakati waliomtangulia waliwalemea watu wakachukua chakula, divai na fedha, yeye anasema hakufanya hivyo kwa sababu ya kumcha Mungu. Haki yake alikuwa nayo, akaiacha kwa sababu watu walikuwa wameelemewa. Hiyo ndo tabia, na bila tabia makuu yanamla mwenyewe.

Na tabia haianzii kwenye uliwali. Dada anayeuza viazi sokoni Mbagala na anaota duka Kariakoo, tabia yake inaonekana leo kwenye kile kisado, amekibonyeza kitako ili viingie vichache au amekiacha kama kilivyo, Mithali 11:1 iliongelea mizani ya hadaa zamani sana.

Changamoto nazo zina kazi hapo. Warumi 5 inapanga hivi, dhiki inaleta saburi, saburi inaleta uthabiti wa moyo, uthabiti unaleta tumaini. Sio kila dhiki unayopitia imetokana na dhambi yako au na mchawi, na sisemi umaskini ni mzuri, mtoto akilala njaa hakuna cha kushangilia hapo, nasema tu biashara ikiyumba usikimbilie kuamini kwamba Mungu kaikataa.

Kijana anayejiuliza agombee uenyekiti wa kwaya au wa serikali ya mtaa, mimi namwambia agombee, achukue fomu, aombe kura bila aibu. Ila kwanza akae na mtu anayemjua vizuri na asiyemwogopa, wajibizane ukweli kuhusu hili moja, akikosa huo uenyekiti, jumamosi inayofuata atakuja mazoezini kuimba?