Barafu ya ncha za dunia na usawa wa bahari Zanzibar: namna ya kuzisoma takwimu

Kuna hoja inayosambaa kwenye simu na kuzungumzwa sana mabarazani: kwamba barafu ya ncha za dunia haipungui, na kwa hiyo habari za ongezeko la joto duniani zimetiwa chumvi. Anayeitoa mara nyingi huambatanisha takwimu, na takwimu zenyewe huwa za kweli. Ndiyo maana hoja hii inastahili kujibiwa kwa hesabu, si kwa kelele.

Tuchukue mfano uliovuma zaidi. Barafu inayoelea juu ya Bahari ya Aktiki, kaskazini ya dunia, hupungua katika kiangazi cha huko na kufikia kiwango cha chini kabisa kila Septemba. Septemba 2012 ilibaki takriban kilomita za mraba milioni 3.4, kiwango kidogo kuliko vyote tangu satelaiti zianze kuipima mfululizo mwishoni mwa 1978. Mwaka uliofuata ikawa milioni 5 na kidogo. Hilo ni ongezeko la karibu nusu, na wapo walioandika kwamba barafu imerudi. Lakini wastani wa 1981 hadi 2010 unazidi milioni 6, maana yake hata 2013 kulikuwa na upungufu wa zaidi ya milioni moja. Ukianza kuhesabu kutoka mwaka mbaya kupita kiasi, mwaka wowote unaofuata utaonekana mzuri. Tangu hapo hakuna Septemba hata moja iliyorudi kwenye wastani ule, na kwa muda wote wa vipimo barafu ya Septemba imekuwa ikipungua kwa takriban asilimia 12 kila miaka 10.

Kusini, kwenye bahari inayolizunguka bara la Antaktika, wenye shaka walikuwa na hoja ya haki kwa muda. Barafu ya bahari huko iliongezeka kidogo kidogo, na Septemba 2014 ikapita kilomita za mraba milioni 20. Kuanzia 2016 ikaporomoka, na Februari 2023 ilibaki chini ya milioni 1.8, rekodi mpya ya upungufu. Wataalamu bado wanajadili upepo umechangia kiasi gani na maji ya joto yanayopanda kutoka chini yamechangia kiasi gani. Huo ni mjadala halali wa kisayansi, na hauifuti hesabu ya Aktiki.

Kwetu sisi wa visiwani, hata hivyo, swali kubwa ni jingine: barafu inayozungumzwa inaelea au imekaa nchi kavu? Jaribio hili linaweza kufanyika darasani au jikoni. Chukua glasi mbili zinazoonyesha ndani. Ya kwanza tia maji ya bomba, kisha vipande vitatu vya barafu, na hakikisha vinaelea bila kugusa chini. Weka alama ya wino usawa wa maji na usubiri viyeyuke. Maji yatabaki kwenye alama. Glasi ya pili tia jiwe linalotokeza juu ya maji, weka alama, kisha pandisha vipande vitatu juu ya jiwe. Vikiyeyuka, maji yatapita alama. Wengi hukosea kwa kutia maji machache katika glasi ya kwanza. Barafu ikikalia kitako cha glasi haielei tena, na matokeo yanaharibika. Wengine huona matone yaliyojitokeza nje ya glasi wakadhani maji yamepanda, kwa hiyo ifute kabla ya kusoma.

Barafu ya Aktiki ni ile ya glasi ya kwanza. Greenland na bara la Antaktika ni glasi ya pili. Tangu 2002 barafu hizo za nchi kavu zinapimwa uzito kutoka angani, kwa satelaiti mbili zinazofuatana kwa umbali wa kilomita 220 hivi. Ya mbele ikikaribia mahali penye uzito mkubwa huvutwa kidogo, umbali kati yao ukabadilika, na badiliko hilo hupimwa. Greenland imekuwa ikipoteza takriban tani bilioni 270 kwa mwaka, Antaktika takriban bilioni 150. Tani bilioni 360 zikiingia baharini huinua maji ya dunia nzima kwa milimita moja. Ongeza barafu ya milimani, na maji ya bahari yenyewe yanayotanuka kwa kupata joto, ndipo unapata sehemu kubwa ya kasi ya kupanda kwa bahari iliyopimwa kati ya 2006 na 2018: milimita 3.7 kwa mwaka. Kati ya 1901 na 1971 ilikuwa milimita 1.3.

Ongezeko hilo haligawanyiki sawasawa. Barafu ya Greenland ni nzito kiasi kwamba huyavuta maji ya bahari kuelekea kwake. Inapoyeyuka, mvuto unalegea: karibu nayo bahari inashuka, na mbali, huku kwetu karibu na ikweta, inapanda kuliko wastani.

Sasa tuje bandarini Unguja, ambako maji kujaa na kupwa yamekuwa yakipimwa kwa mfululizo tangu 1984. Uchambuzi wa vipimo vya 1985 hadi 2004 ulionyesha usawa wa bahari ukishuka. Mtu akichukua mchoro huo peke yake anaweza kusema, bila kudanganya hata namba moja, kwamba bahari ya Zanzibar inarudi nyuma. Sababu yake ilikuwa mabadiliko ya pepo juu ya Bahari ya Hindi, yaliyoyasukuma maji na kuyapunguza upande wetu huku sehemu nyingine za bahari hiyohiyo zikipanda. Miaka 20 ya kituo kimoja ni michache mno. Mzunguko wa mwezi unaobadilisha ukubwa wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, peke yake huchukua miaka 18.6.

Kwa sababu hiyo, mnazi ulioanguka ufukweni hautoshi kuwa ushahidi. Uchimbaji wa mchanga, ukataji wa mikoko, na ukuta wa jirani unaosukuma nguvu ya mawimbi pembeni vyote vinakula pwani. Kamati za shehia zinazotaka kuweka kumbukumbu za maana zianze na alama isiyosogea, yaani jiwe la matumbawe au msingi wa saruji wa zamani, si kigingi kwenye mchanga. Pimeni maji yanapojaa wakati wa bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, na msiache bamvua za Machi na Septemba, ambazo ndizo kubwa. Unguja tofauti ya kujaa na kupwa hufika kama mita 4 wakati wa bamvua na hushuka hadi kama mita 1 maji yakiwa mafu, hivyo kulinganisha siku mbili ovyo hakuna faida yoyote.

Andikeni tarehe, saa, upepo (kusi au kaskazi, na nguvu yake), kisha urefu uliotabiriwa kwenye jedwali la maji la bandari. Tofauti kati ya utabiri na mlichokiona ndiyo ya kuhifadhi. Mahali ambapo maji ya chumvi yanaingia mabonde ya mpunga, kama Kisiwa Panza huko Pemba, ongezeni mahali chumvi ilipofikia na visima vilivyogeuka ladha, mwezi kwa mwezi. Kila ukurasa ukijaa upigwe picha na nakala ipelekwe skuli ya karibu, maana madaftari ya karatasi yaliyokaa kwenye unyevu wa pwani huoza kabla hata miaka 18 hiyo haijatimia.