Je, wajua kwa nini masista hubadili jina?

Sista uliyemzoea parokiani miaka yote anaweza kukuonyesha kitambulisho chenye jina usilolijua kabisa. Hajaghushi kitu. Serikali inamtambua kwa jina alilopewa na wazazi wake. Lile analoitwa kanisani ni jina la utawa, alilopewa alipoingia unovisi, yaani kipindi cha malezi ya utawa, au alipoweka nadhiri, kwa desturi ya shirika lake.

Nasema desturi kwa makusudi, maana wengi hudhani ni amri ya Kanisa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haimdai mtawa jina jipya, na Wajesuiti, shirika la watawa wanaume, kwa kawaida hubaki na majina yao. Chimbuko ni Biblia: Abramu akawa Abrahamu, Simoni akaitwa Petro, kila mmoja kwa wito mpya. Nadhiri nazo zilihesabiwa kama ubatizo wa pili, na palipo na ubatizo pana jina.

Kulipata jina si kujiamulia tu. Kwenye mashirika mengi novisi hupendekeza, wakubwa wakaamua, na hawapendi masista wawili wachanganywe. Yalimkuta Anjezë Bojaxhiu, mzaliwa wa Skopje aliyejiunga na masista wa Loreto mwaka 1928. Alitaka somo wake awe Mtakatifu Thérèse wa Lisieux, lakini mwenzake alikwisha kulichukua jina hilo. Akachukua lilelile kwa tahajia ya Kihispania, na dunia ikamjua kama Mama Teresa.

Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu uliofungwa mwaka 1965, mashirika mengi yaliwaruhusu masista kubaki na majina ya ubatizo, kwani ubatizo ndio wakfu wa kwanza. Mengine bado yanabadili, na sioni ubaya.

Mfano wa karibu yetu ni Mwenye Heri Anuarite wa Kongo. Nyumbani alikuwa Nengapeta, kwenye ubatizo Alphonsine. Anuarite lilikuwa jina la dada yake. Liliandikwa kimakosa alipoandikishwa shule, likamganda. Mwaka 1959 aliweka nadhiri katika shirika la Jamaa Takatifu kwa jina la Marie-Clémentine. Waasi wa Simba walimuua Isiro mwaka 1964, na Papa Yohane Paulo II akamtangaza mwenye heri Kinshasa mwaka 1985, kwa majina yake matatu: Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta. Lakini waulize waumini leo. Wengi watakutajia lile la daftari la shule.