Muhali wodini: dhana potofu kuhusu muuguzi anayesema

Ukitaka kujua kwa nini muuguzi wa Unguja au Pemba hunyamaza anapoona jambo linakwenda mrama, usianze na sheria wala vifaa. Anza na muhali, ile haya ya kumkatalia au kumkosoa mtu unayemheshimu. Daktari ni mtu mzima, pengine kasoma na baba wa huyo nesi, na kaandika dozi isiyo sawa. Nesi kijana ataona muhali kumwambia, kisha atatafuta sababu ya kujituliza. Sababu zenyewe ndizo hizi.

"Nesi kazi yake ni kutekeleza alichoandika daktari."

Chukua mama mwenye dalili za kifafa cha mimba, aliyeandikiwa magnesiamu salfeti. Dawa hii inaokoa maisha, lakini ikizidi mwilini inazima pumzi. Kwa hiyo kabla ya kila dozi inayofuata, muuguzi au mkunga hugonga goti aone kama mguu unaitika. Huhesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika. Hupima mkojo, usiwe chini ya mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Kimoja kikikosekana, dozi haitolewi hata kama jalada linasema itolewe saa sita usiku. Daktari anapigiwa simu, na kalisiamu glukoneti ya kupoza makali ya dawa inawekwa karibu. Hapo hakuna amri iliyovunjwa. Kuzuia dozi ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Tena tangu 1964 madaktari wa China wamekuwa wakija visiwani kwa zamu. Bibi wa Mkoani, Pemba, akieleza kwa Kipemba chake pale panapomuuma, nani anayemfikishia daktari maneno hayo? Anayebeba maneno ya mgonjwa ana haki gani ya kuyanyamazia?

"Kumkatiza daktari ni utovu wa adabu."

Hii ina mizizi mirefu, nami siikejeli, maana sote tumelelewa hivyo. Ila mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji, iliyojaribiwa katika hospitali za miji 8 duniani, Ifakara ya Tanzania Bara ikiwemo. Matokeo yaliyotolewa 2009 yalionesha vifo vya wagonjwa waliopasuliwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Chombo chenyewe ni karatasi moja tu. Kabla ya kisu kugusa ngozi wote husimama, kila mmoja akataja jina na kazi yake, kisha wakahakikisha kwa sauti ni mgonjwa yupi, operesheni gani, upande upi. Kwa maoni yangu ujanja wote uko kwenye hayo majina: aliyekwisha kufungua mdomo mara moja hapati tabu kuufungua tena.

Na adabu haiendi popote. "Samahani daktari, naomba tuliangalie tena jalada, hapa pameandikwa mguu wa kushoto." Asiposikia, rudia. Asiposikia tena, mwite mkubwa wake.

"Anayeripoti anachongea."

Mchongezi hupeleka maneno barazani. Muuguzi huyapeleka kwa inchaji wa wodi, kwa metroni, kwa uongozi wa hospitali, na ikibidi kwa Baraza la Wauguzi na Wakunga, yakiwa yameandikwa: tarehe, saa, presha ilikuwa ngapi, nani aliarifiwa, alijibu nini. Maadili ya Baraza la Kimataifa la Wauguzi nayo yanamtaka achukue hatua pale mwenzake anapohatarisha mgonjwa.

Sitasema ni bure. Huko Texas, Marekani, wauguzi wawili walioripoti mwenendo wa daktari kwenye bodi ya udaktari walifukuzwa kazi, na 2009 wakafunguliwa kesi ya jinai. Mmoja alifutiwa mashitaka. Mwenzake aliachiwa huru mwaka 2010, baraza la wazee wa mahakama likiwa limekaa chini ya saa moja. Haki ilipatikana, lakini kazi ilikuwa imeshakwenda. Ndiyo maana hospitali ikiwaambia wauguzi "semeni" bila kuweka utaratibu wa kumlinda msemaji, inawatupa majini.

"Ni kudura ya Mungu." Mauti yana siku yake, hatubishani. Lakini Mtume (SAW) alimwambia yule bwana afunge ngamia wake kwanza, kisha ndiyo ategemee.

"Wakidai wauguzi waongezwe, wanatafuta wepesi."

Utafiti uliochapishwa 2014 kutoka nchi 9 za Ulaya ulikuta kwamba kwa kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi, uwezekano wa aliyepasuliwa kufariki ndani ya siku 30 ulikuwa juu kwa asilimia 7. Huko ni Ulaya, ambako hesabu yao ya wagonjwa kwa muuguzi mmoja wengi wetu tungeitamani. Basi wauguzi wakiandika kwamba usiku wako wawili kwa wodi nzima, waambatanishe na daftari la zamu: dozi zipi zilichelewa, presha za nani hazikupimwa, nani alikuwa leba wakati mwenzake yuko na mgonjwa wa dripu. Barua ya namna hiyo si rahisi mtu kuiita ya kutafuta maslahi.