Je, wajua kwa nini wanaosomea jenetiki ya afya ya jamii, yaani matumizi ya elimu ya vinasaba katika afya ya umma, hufundishwa sheria?

Katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, taasisi ya jenetiki ya afya ya jamii ilianzishwa mwaka 1997. Mwanafunzi wake husoma takwimu na epidemiolojia (elimu ya kuenea kwa magonjwa), kisha sheria, maadili na sera. Wengi hushangaa: sheria inahusiana nini na damu? Jibu ni kwamba kipimo cha kurithi kinaweza kuwa sahihi kabisa na bado kikamharibia maisha aliyepimwa. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengi huuita sikoseli, inaonyesha jambo hili vizuri.

Ugonjwa huu hutokana na badiliko la herufi moja tu katika jeni ya beta-globini, sehemu ya hemoglobini inayobeba oksijeni katika damu; jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya 11. Jeni ya kawaida huitwa A, iliyobadilika huitwa S. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja huandikwa AS. Ni mbebaji, na kwa kawaida haugui. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ni SS, yaani mgonjwa. Mume AS na mke AS, kila mimba ina uwezekano wa 25% kuwa SS, 50% AS na 25% AA.

Sasa hesabu ya darasani. Tuseme katika wilaya fulani jeni 1 kati ya 10 ni S. Watoto SS ni 0.1 × 0.1, yaani 100 katika kila vizazi 10,000. Watoto AS ni 2 × 0.9 × 0.1, yaani 1,800. Mpango wa kuwapima watoto wote, uliokusudia kuwapata wagonjwa 100, umewafichua watu 1,800 ambao kwa kawaida hawaugui. Nani aambiwe habari zao, lini, na nani azuiwe kuzitumia? Hapo ndipo mwanasheria anapohitajika.

Marekani ililipuuza swali hilo, na waliolipa ni raia weusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 baadhi ya majimbo yaliufanya upimaji kuwa wa lazima, hata kwa watoto wa shule au waombaji wa kibali cha ndoa. Kipimo kilichotumika sana kilikuwa cha haraka na cha bei nafuu: damu huchanganywa na kemikali, na mchanganyiko ukifanya ukungu basi hemoglobini S imo. Lakini ukungu hauonyeshi kama mtu ni AS au SS. Wabebaji wakachukuliwa kuwa wagonjwa, wengine wakapandishiwa bima au kunyimwa kazi, na chuo cha maofisa wa Jeshi la Anga kiliwakataa hadi mwaka 1981. Sheria ya shirikisho ya 1972 ilitaka upimaji unaogharimiwa na serikali kuu uwe wa hiari, ila madhara yalikuwa yameshatokea.

Baya zaidi, aliyekutwa mgonjwa hakuwa na kinga ya kupewa. Hali ilibadilika mwaka 1986, utafiti ulipoonyesha kuwa penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku hupunguza kwa 84% maambukizi makali ya bakteria wa pneumokoki kwa watoto wadogo wenye SS. Kuanzia hapo kumpima mtoto mchanga kukawa na maana, kwa kuwa palikuwa na la kufanya baada ya jibu.

Kazi yenyewe inataka uangalifu. Kisigino cha mtoto huchomwa, tone moja la damu linajaza duara moja la karatasi maalumu, kisha karatasi hulazwa ikauke kwa saa 3 au zaidi, mbali na jua. Matone yakirundikwa juu ya mengine, au karatasi ikifungwa mbichi, sampuli haifai. Mtoto aliyeongezewa damu kabla ya kupimwa anaweza kuonekana AS kumbe ni SS, kwa sababu A ni ya mchangiaji. Kile kipimo cha ukungu hakimfai mchanga hata kidogo: sehemu kubwa ya hemoglobini yake bado ni F, yaani ile ya mtoto aliye tumboni.

Hata sheria nzuri ina mianya, na mwanafunzi lazima aijue. Sheria ya Marekani ya mwaka 2008 inawakataza waajiri na bima za afya kumbagua mtu kwa vinasaba vyake. Bima ya maisha haikuguswa.

Kwetu Afrika Mashariki somo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alionyesha kuwa wabebaji hupata kinga ya kiasi dhidi ya malaria, ndiyo maana jeni hii imeenea pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu zenye baridi. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikifuatilia wagonjwa wengi wa selimundu tangu 2004. Mtoto akikutwa AS na wazazi wote wawili wakapimwa na kuwa AA, mshauri anashika siri inayoweza kuvunja ndoa. Kwa hiyo kabla wazazi hawajatolewa damu, kila mmoja huelezwa peke yake kwamba majibu yanaweza kugusa suala la uzazi, huulizwa kama bado anataka kupimwa, na majibu ya mmoja hapewi mwenzake bila ridhaa.